Mabehewa Kumi na Sita

Jumamosi, jukwaa la tano, stesheni ya Crewe.
Baridi inang'ata masikio,
na Bwana Clifford Heald, miaka themanini na moja,
ananishikisha sandwichi yake ya jibini na achari
ili mikono ibaki huru kuandika.

Anaandika namba za treni.
Namba tu. Si nauli, si abiria, si ziendako.
Kwa penseli, katika daftari la arubaini na tatu,
tangu alipokuwa mvulana wa kaptura
aliyeambiwa na mama yake arudi kabla ya giza.
Giza liliingia. Hakurudi. Alichapwa.
Kesho yake akaja tena.

Mimi ndiye ninayemvisha soksi za kubana,
ninayemhesabia vidonge, asubuhi tano kwa wiki.
Jumamosi silipwi. Nimekuja kwa udaku.
"Utanicheka," aliniambia siku aliponionyesha daftari,
uso umemwiva kama nyanya.
Nikamwambia, mzee, ngoja kwanza usikie yangu.

Yangu ni mizani.
Nahesabu maelezo ya dawa, majina ya mitaa, risiti,
hata Kiingereza, ingawa kinateleza kama sabuni,
vidole vikigonga paja,
na nane zikitimia kwa bahati, bila mtu kukusudia,
moyo unaniruka.
Marehemu mume wangu aliuita ugonjwa.
Binti yangu husema, "Mama kaanza kupiga kinanda."

Basi nikamfafanulia Clifford:
mshororo mmoja, mizani kumi na sita,
nane huku, nane kule,
kina katikati, kina mwishoni.
Ukizidisha moja tu, wajuzi watakuambia hilo ni guni.

Akafunga daftari.
Sijapata kumwona akilifunga kabla ya saa sita.
"Kumi na sita," akasema polepole.
"Kama ile ya kokoto. Ya saa nne na dakika saba."

Nikageuza karatasi ya vidonge vya presha,
nikaandika nikiwa nimesimama:

*Behewa la kwanza laja, limebeba mawe ndani,*
*La pili bila kungoja, lafuata kwa foleni,*
*Nane na nane pamoja, kumi na sita njiani,*
*Likizidi hata moja, ni guni hilo, mwandani.*

Nikamsomea kwa Kiswahili. Hakuuliza maana.
Aligonga fimbo sakafuni, akapata nane,
akagonga tena, akapata nane,
akanitazama kama mtu aliyeonyeshwa chumba kipya
ndani ya nyumba aliyozaliwa.

Ikaja, imechelewa dakika tatu.
Tukahesabu pamoja, yeye kwa lugha yake, mimi kwa yangu,
vumbi la mawe likitutia chafya.
Nane. Tukatazamana.
Kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita,
na nyuma yake, jamani,
moja jingine, tupu, lenye kutu, linapiga kelele.

"Guni!" akapaza sauti Clifford Heald
hadi msichana mwenye begi la gitaa akavua vidude vya masikioni
na njiwa wakahama paa.

Jumatano jikoni, zamu ilipokwisha,
Bozena alitusikiliza mpaka chai ikapoa.
Kisha, bila neno, akafungua mkoba wake:
dadu lenye pande ishirini,
na vibwengo vya risasi, virefu kama kidole gumba,
anaovipaka rangi usiku kwa brashi ya nywele tatu.
Miaka sita tumefanya kazi pamoja, sikujua.
Mmoja ana kope. Nimeziona kwa miwani ya Clifford.

Sasa daftari la arubaini na tatu lina safu mpya,
nyembamba, pembezoni kabisa.
Treni za kumi na sita hupata alama ya vema.
Zilizozidi huandikiwa lile neno langu
kwa tahajia yake mwenyewe,
o mbili katikati, nono, zimegusana,
kama magurudumu.